Maua Yaliyofumba Shambani kwa Mama

Nilirudi kijijini kwetu Ngulyati na stashahada ya kilimo niliyoisomea kwa kubeba matofali, bila mjomba wala shangazi kunichangia. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyefika hapo. Lakini elimu hiyo hiyo ndiyo iliyonitia hofu ambayo majirani hawakuwa nayo.

Pamba ya mama ilikuwa imeanza kuchanua, na wapita njia waliisifu. Mimi niliona ua moja limefumba ilhali mengine yamefunguka, petali zake zimeshikana kwa nyuzi nyembamba kama za buibui. Nikalipasua. Ndani alijikunja kiwavi mweupe, kichwa cha kahawia. Funza mwekundu, rangi humjia akikua. Akishaingia ndani ya kitumba, tunda la pamba, dawa haimpati tena, anakula mbegu humo humo. Na mama alikuwa ameshasema: pamba isipotoa, atauza maksai wa marehemu baba anunue mahindi.

Nilijua funza hao walikotoka. Huku kwetu kuni ni shida, kwa hiyo baada ya mavuno miti ya pamba haichomwi. Mama huirundika nyuma ya jiko iwe kuni, shamba likianzia hapo hapo. Rundo la msimu uliopita lilikuwa bado lipo, vitumba vikavu vikining'inia. Nilivunja kimoja. Kati ya mbegu mbili alilala kiwavi wa rangi ya waridi, mzima kabisa.

“Mayu,” nilimwita mama, “tuchome rundo lote leo.”

“Halafu nipikie cheti chako? Kinawaka vizuri?”

Nikamwekea kiwavi kiganjani. “Huyu ndiye atakayeuza maksai.”

Alimtazama, akatazama zizi. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kijinga cha moto.

Tangu siku hiyo tulipita mstari kwa mstari, tukichuma kila ua lililofumba na kulitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Asubuhi moja mama alinijia amelishika ua kwa ncha za vidole.

“Lifungue wewe. Mimi naogopa.”

Petali ziliachia zenyewe, hazikuwa na uzi. Jua lilikuwa halijalifikia tu.

Mama alicheka. Mimi sikuweza, nilikuwa nimeshaona jingine lililofumba, mstari wa pili.