Mahali Ambapo Kamera Iliinama

Mbeyu hupiga video upande wa wanawake tu. Siku ya kupamba bibi harusi, mwanamume haingii ukumbini, wala haonyeshwi picha za humo. Mgeni akijifunika leso, Mbeyu huinamisha lenzi sakafuni papo hapo, kisha huendelea na mwingine. Kwa adabu hiyo, Mji wa Kale wote humwita.

Mwezi uliopita Bi Maisara, jirani wa studio yake ya Ndia Kuu, alimjia na ombi. Mamake alikuwa amefariki. Maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Bi Maisara alitaka walau sauti.

"Kwenye harusi utampata, shoga."

"Harusi ipi?"

"Ipi aliyoikosa?"

Kanda za zamani Mbeyu alikwisha kuzihamishia kwenye kompyuta, ila bila majina. Unyevu ulikuwa umezibandua lebo. Akamwita Kyalo, mwalimu wa chuo anayeishi Buxton, aliyetengeneza programu ya kutafuta video kwa mwendo wa kamera: ilipogeuka, iliposogea, ilipotulia.

"Lakini wewe huruhusiwi kutazama," Mbeyu akamwonya.

"Sihitaji, dada. Programu haisomi sura. Mimi naona mistari tu."

Hata hivyo alikiweka kiti chake kikaelekea ukutani.

Jaribio la kwanza halikuleta kitu.

"Nimeondoa vipande vibovu," Kyalo akaeleza. "Dada, kamera ilikuwa ikikuponyoka kila mara?"

Mbeyu akacheka mpaka akakaa chini. "Kuniponyoka! Hapo mtu amejifunika, nami nimeinamisha. Ndivyo ninavyovitaka!"

Kyalo akalifuta neno "vibovu" kwenye programu, akaandika "adabu". Wakatafuta upya: kamera inapita polepole mbele ya wageni, inasimama, inashuka ghafla. Vipande vikajipanga. Kyalo akatoka kwenda kunywa kahawa.

Mbeyu na Bi Maisara wakatazama mazulia na viatu vya watu, kipande baada ya kipande. Kisha ikatokea miguu iliyochorwa maua meusi ya piko, na sauti kali:

"We Mbeyu! Niondolee kidude chako! Kampige bibi harusi, mimi nimeshaolewa!"

Ukumbi mzima ukacheka. Bi Maisara akashika mdomo.

"Rudisha."

Mbeyu akarudisha, tena na tena.

Kyalo alibisha mlango kabla ya kuingia. "Mmempata?"

"Miguu na ukali," Bi Maisara akajibu, akijipangusa macho na kucheka. "Ndiye yeye mzima."