Jumbe Aliyelia kwa Jicho Moja

Jumbe wetu wa mlimani amefariki, wasomaji wangu, na habari zilinikuta asubuhi nikipepeta mtama uani. Sitataja jina lake. Majina yote ninayo kichwani, lake, la mama yake, hata la mkunga aliyempokea, lakini marehemu ameacha watoto, na hapa nasema tendo. Nilitua ungo, nikajifunga kaniki, nikapanda mlima. Njia nzima moyo haukutulia, maana nilikuwa mtani wake, na mtani kwetu Uluguru haendi msibani kulia tu. Ana ruhusa ya kumsema maiti, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika.

Wala hakuwa mkatili. Safari moja msafara ulipumzika Mikese, akaona punda ana kidonda mgongoni. Alikigusa kile kidonda kwa kiganja chake, machozi yakamlengalenga. “Mteremshieni mzigo, jamani, mnyama hana mdomo wa kusema!” Mzigo ukateremshwa. Lakini mzigo wa serikali haulali njiani, basi ukapandishwa kichwani kwa mama mmoja mja mzito. Yule mama akasema, “Jumbe, na mimi nitie kidonda, labda utaniona.” Watu wakacheka. Jumbe naye akacheka, akatangulia mbele akimbembeleza punda wake. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile nakosa pa kuketi.

Baadaye vijana wawili walitoroka kazi ya reli kule Ngerengere, usiku mmoja, njia moja, wakajificha pango moja. Askari wakawakamata pamoja, wakawaleta bomani Morogoro. Mmoja alikuwa mpwa wa jumbe, mtoto wa dada yake, ambaye kwa mila yetu ndiye mrithi wa kiti. Wa pili alikuwa mwana wa mjane mmoja wa Mlali, mkulima wa maharage. Jumbe akamshika miguu Mdachi mwenye boma, akalia mpaka kilemba kikamfunguka. “Bwana mkubwa, huyu bado mtoto, damu inamchemka, msamehe!” Akasamehewa. Akaitwa wa pili. Mjane akamtazama jumbe. Jumbe akatazama milima, kama mtu anayekagua mvua. Kijana akala kiboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, kisha akatiwa mnyororo, na hadi siku ya msiba alikuwa bado anaponda mawe ya barabara mjini. Na watu waliporudi makwao walisimulia nini? Machozi ya jumbe. “Ana huruma, yule!”

Hapo ndipo usingizi hunikimbia. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Angekuwa anaigiza, tungemjua mapema. Mwenye huruma ya kuchagua ana hatari zaidi, kwa kuwa anajiona mwema, na sisi tunamsaidia kujiona. Mdachi humzika mbwa wake kwa sanduku la mbao, na mpagazi aliyeanguka njiani hasimamiwi hata kwa dua. Na sisi je, wa misikitini na wa misheni? Aliyeumia akiwa wetu, twasema mwana wa watu ameonewa. Akiwa wa wenzetu, twauliza kwanza amefanya nini. Mkuki kwa nguruwe, wasomaji wangu.

Jeneza lilipoinuliwa, nikaketi kizingitini. Hiyo ni haki ya mtani. Maiti haitoki mpaka aridhike, na kwa kawaida huridhishwa na kuku.

“Bibi, kuku wako huyu hapa,” akasema mpwa, ambaye sasa ndiye jumbe.

“Kuku mpe mjomba wako ale njiani. Mimi namtaka mwenzako wa pangoni. Wewe ulililiwa bomani. Nenda na wewe ukamlilie.”

“Utani gani huu, bibi? Boma si mahali pa mchezo. Nianze ujumbe kwa kugombana na Mdachi?”

“Mjomba wako aligombana naye? Alilia tu, tena kwa jicho moja. Au umerithi kiti, machozi wakakunyima?”

Mzee mmoja akafoka nyuma ya jeneza, “Ondoka, kikongwe wewe, maiti itaharibika!”

“Ikinuka itanuka kwenu, mimi kwangu bondeni!”

Wakacheka, hata wafiwa. Ila mjane wa Mlali, aliyesimama kati ya wanawake, hakucheka. Alikuwa ameuma pindo la khanga. Mpwa alimwona, na papo hapo akageuza uso, akatazama milima, vilevile kama mjomba wake. Kisha akashtuka. Sijui alikumbuka nini. Akamrudia yule mama kwa macho, akainama.

“Nitashuka kesho.”

“Leo.”

“Tukishazika, bibi. Mbele ya watu hawa wote nasema, tukishazika.”

Nikajivuta pembeni, jeneza likapita.

Jioni nilimwona akiteremka, kilemba cha mjomba kichwani, mjane nyuma yake. Ninapoandika haya hawajarudi, na kila mbwa akibweka njiani natoka kutazama. Huenda kijana atafunguliwa, huenda wakamfunga na aliyekwenda kumwombea. Lakini kwa umri huu nimeacha kumpima mwenye kiti kwa machozi anayomwaga. Nangoja aitwe wa pili, kisha naangalia macho yake yanakwenda wapi.