Aliyenipokea Begi Njia ya Ruangwa

Sina ninachopata kwa kukudanganya. Jambo hili halijanipa fedha wala sifa, na wengi waliolisikia kabla yako walinitazama kwa huruma, kisha wakaanza kuzungumzia bei ya korosho. Lakini lilinitokea, tena mchana kweupe, jua likiwa utosini, kwenye barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa, nikiwa na akili zangu zote na begi langu moja.

Nilikuwa nakwenda kusoma nchi ya mbali, kwa miaka. Tiketi iliruhusu begi moja tu, na hilo halikunisumbua. Siku zile hakuna kilichonisumbua. Mke wangu, Somoe, alifariki msimu wa mbaazi, kwa homa ambayo hatukuitilia maanani mpaka ilipomlaza. Tangu tumzike sikuwa nimelia. Watu wakasema nina moyo wa kiume. Wapi! Ilikuwa ganzi, kama ya mguu ulioukalia muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini haukujibu.

Jioni ya kuamkia safari nikapanga begi. Nilitaka kuondoka na vitu vichache kadiri inavyowezekana. Suruali, mashati, sweta la mtumba, mswaki. Kila nilichokitoa niliona nimefanya jambo la maana. Dada yangu Fatu, ambaye ndiye angebaki na binti yangu, akasimama mlangoni na mfuko wa unga wa muhogo.

"Weka na huu."

"Dada, begi moja tu."

"Kwani mimi nimekuletea begi la pili? Nimekuletea unga."

"Kule chakula kipo."

"Chakula gani, mikate? Mtu unakwenda miaka, unafungasha kama unakwenda Masasi kununua betri ya redio!"

Unga ulibaki nje. Lakini nilipotoka kunawa, Fatu akapenyeza chini kabisa vitu viwili vya Somoe: kanga yake moja, na shati jeupe alilonishonea mwenyewe. Nilipoviona sikuvitoa. Sikuona sababu ya kuvitoa wala ya kuvibeba.

Binti yangu, Zainabu, wakati huo yuko darasa la kwanza, alikaa kwenye ncha ya kitanda muda wote akiangalia mikono yangu. Aliniuliza swali moja tu.

"Baba, ukirudi utanijua?"

"Nitakujua."

"Hata nikiwa mrefu?"

"Hata ukiwa mrefu kama mnazi."

Hakucheka. Nami, niamini, nilipokuwa nikilisema neno lile sikuwa na hakika nalo. Mtu aliyemzika mke bila chozi, nini kingemfanya amkumbuke mtoto akiwa ng'ambo ya bahari? Hicho ndicho kitu pekee kilichonitia hofu siku zile, na hata hofu yenyewe niliisikia kwa mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili.

Asubuhi nikapanda bodaboda ya Hamisi. Mabasi ya Nachingwea yalikuwa yamejaa, hivyo nilikuwa nimepata nafasi kwenye basi la kutokea Ruangwa. Hamisi alikuwa na haraka zake: kulikuwa na mechi Ruangwa siku ile, na alikuwa amevaa jezi juu ya jaketi. Njia nzima alinipigia kelele za mpira. Katikati ya safari, mahali penye mikorosho kila upande na hakuna nyumba, tairi la nyuma likalegea.

"Msomi, tumekwisha. Pancha."

"Huna gundi?"

"Ningekuwa na gundi ningekuwa nimesimama hapa nakuangalia sura? Fundi yuko nyuma kule. Kaa kivulini, narudi sasa hivi."

"Natangulia."

"Na hilo begi la kuburuta? Kwenye vumbi hili?" Akacheka. "Haya, tuone elimu itakavyoburuta."

Kweli, magurudumu hayakufika mbali. Barabara ilikuwa imechongwa upya, na vumbi lake jekundu lilikuwa laini kama unga. Nikabeba begi begani, kisha kichwani. Lilikuwa begi jepesi, nilikuwa nimelipunguza mwenyewe, lakini lilinikata shingo kama gunia la mahindi. Nikawa natembea hatua chache, natua, napumua.

Hapo ndipo nilipomwona. Mama mtu mzima, nywele za mvi zimetokeza pembeni ya kanga iliyopauka, anakuja kutoka upande wa Ruangwa mikono mitupu. Hakuwa na jembe, wala ndoo, wala mfuko. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia marahaba. Aligeuza njia, akatembea sambamba nami, akanyoosha mikono.

"Lete nikupokee, mwanangu."

Unajua desturi yetu. Ukimkuta mtu na mzigo, unampokea. Mtoto humpokea mama anayetoka shamba, mwenyeji humpokea mgeni, mdogo humpokea mkubwa. Lakini mama wa umri ule kumpokea kijana mwenye nguvu zake? Sijawahi kuona, na nikaona aibu. Nikasema, hapana mama, mimi ndiye wa kukupokea wewe. Akasema, "Mimi sina kitu," na mikono yake ilikuwa tayari kwenye begi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungenyang'anyana na mtu wa umri wa mama yako barabarani? Nikaachia.

Akajitwika kichwani, bila hata ngata ya kitambaa, akatembea. Nami nikatembea kando yake.

"Kuna nini humu?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kama cha wazee wetu waliokutana nacho ukubwani.

"Nguo, mama."

"Za nani?"

Nikamtajia sweta, suruali, akawa anaitikia tu. Kisha nikataja kanga ya marehemu mke wangu. Akasimama kidogo.

"Nieleze hiyo."

Nikamweleza. Nilishangaa jinsi maneno yalivyotoka, mimi ambaye sikuwa nimemtaja Somoe kwa miezi. Nilimwambia kanga ile aliinunua wapi, na siku ile alisema nini mbele ya muuzaji, na kwa nini mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa hadithi ndefu. Usiniulize sasa aliinunua wapi. Usiniulize alisema nini. Najua tu kwamba nilisimulia, na kwamba nilipomaliza shingo yangu ilikuwa imeacha kuuma, na kifuani kumekuwa kweupe, kama chumba kilichohamwa.

Sitakuficha, ilikuwa raha. Nilitaka aniulize tena.

Akauliza. Nikamweleza shati. Nikamweleza jinsi Somoe alivyofika Nachingwea, msichana kutoka ng'ambo ya Ruvuma asiye na ndugu hata mmoja upande huu, hata nikawa mtu pekee aliyejua habari zake za utotoni. Zile alizoniambia usiku, nikampa. Wimbo wa mama yake, nikampa, nikauimba kabisa pale barabarani. Mama yule alikuwa akiitikia "mm" kila nilipopumzika, na mimi nikiwa mwepesi, mwepesi zaidi, mpaka nikahisi upepo ungeweza kunipeperusha juu ya mikorosho.

Kisha nikasikia kitu kikigonga. Ndani ya begi, kwa kila hatua yake: ko, ko, ko.

"Na hiki kinachogonga," akasema, "cha nani?"

"Sijui, mama."

"Sema."

"Sijui kweli. Sikuweka kitu kigumu."

Akasimama. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, na macho yake yalikuwa ya mtu mwenye njaa. Akatua begi chini.

"Fungua uone. Kisha unieleze."

Nikapiga magoti, nikafungua zipu. Kati ya mashati kulikuwa na kikombe cha plastiki cha Zainabu, kile cha kunywea uji shuleni, ukingo wake umejaa alama za meno. Alikuwa amekificha pale nisipoona. Nikajua kesho yake, kengele ya uji ikigongwa, mwanangu angesimama kwenye foleni mikono mitupu.

Nilifungua mdomo. Ulimi ulikuwa umeshaanza kulitengeneza jina lake.

Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimepiga magoti nikielekea tulikotoka, na macho yangu yakaangukia barabara. Nyayo zangu zilikuwa hazionekani vizuri, kana kwamba kuku ndiye aliyepita. Nyayo zake zilikuwa kando ya zangu. Mwanzoni zilikuwa za kawaida. Kisha zikazama. Zikazama zaidi. Zile za mwisho zilikuwa mashimo ya kufika kwenye vifundo, kama za mtu aliyebeba nyumba.

Nikafumba mdomo.

"Sema cha nani," akasema.

Nikakitoa kikombe begini.

"Safari ni ndefu, mwanangu. Utakwenda mwepesi. Hutaumia."

Nilikikumbatia kikombe kwa mikono miwili. Yakanijia maumivu makali, ya kwanza tangu msimu wa mbaazi, na nikayang'ang'ania. Alinyoosha mkono mpaka karibu na shavu langu. Mkono ulinuka udongo uliotoka kuchimbwa. Nikasikia pikipiki, honi mfululizo, honi ya mtu anayechelewa mpira. Mama yule akageuka, akaingia kwenye mikorosho taratibu, akipiga hatua za mtu aliyeelemewa, na hakuwa amebeba kitu.

Hamisi akasimama, akaangalia chini.

"Kaka, tembo kapita hapa?"

"Mama mmoja."

"Mama gani, wa tani ngapi?" Akaanza kucheka, kisha akaniona usoni, akaacha. Alizifuata nyayo kwa macho mpaka chini ya mikorosho. "Panda," akasema. Hakuzungumzia mpira tena mpaka Ruangwa. Mpaka leo hapiti njia ile peke yake, muulize.

Uwanja wa ndege mhudumu aliinua begi langu kwa kidole, akaniuliza kama nimesahau kuweka nguo. Nilikaa ugenini miaka yangu yote, na kikombe kile kilikuwa kitu pekee chenye uzito chumbani mwangu. Kila nilipokishika nilisikia uchungu wa mtoto wangu, nikashukuru. Ndio ulionirudisha nyumbani. Na Zainabu nilimjua, stendi ya Nachingwea, kabla hajageuka.

Lakini picha ya mama yake ninaitazama kama picha iliyotundikwa studio, ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Ni mwanamke mzuri. Najua ni mke wangu kwa kuwa naambiwa. Ganzi yangu ya kwanza ilikuwa na mtu chini yake, amefunikwa tu. Hii ya sasa haina mtu.

Juzi tulikuwa nyuma ya nyumba, Zainabu na mimi, tunachambua korosho. Akaniuliza, bila kuinua macho:

"Baba, mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia alikuwa mcheshi, na akicheka anafunika mdomo kwa kanga.

"Hiyo kanisimulia shangazi."

Nikamwambia alikuwa hapendi uji wa moto.

"Na hiyo pia ya shangazi. Mimi nataka ya kwako."

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta kila mahali ndani yangu, kama mtu anayepapasa chumba gizani. Zainabu alisubiri. Kisha akasema, kwa sauti ya upole ambayo sijui ameirithi kwa nani, "Basi, baba, usijali," akarudia korosho zake.

Kwa hiyo nawe nakuambia. Ukipita njia ile mchana, mzigo umekuelemea, na mtu mzima asiye na kitu akakunyooshea mikono, mwambie asante, nimezoea. Uonekane huna adabu. Akikuuliza ndani kuna nini, nyamaza, hata kama kusema kutakupumzisha. Hasa kama kutakupumzisha.