Marehemu Ambaye Hakuwa Mpole

Zamani mtu akifa mtaani Nyalenda watu walisimama kando ya kaburi wakamtaja kwa mema na mabaya yake, wakalia na kucheka kwa pumzi moja, lakini siku hizi kila anayezikwa alikuwa mpole, mcha Mungu na kipenzi cha wote, mpaka Mzee Ooko akaanza kujiuliza wezi wa kuku wanazikwa wapi.

Swali hilo ndilo lililomfanya aanzishe blogu. Ooko hakufika darasa la nane. Kusoma alijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, na kwa miaka thelathini na minne alipiga taipu kando ya barabara: mikataba ya mashamba, barua za mapenzi, na wasifu wa marehemu. Enzi zake wafiwa walikuja na habari. Sasa vijana wa mashine wana wasifu mmoja tu kwenye kompyuta. Wanabadilisha jina na picha, basi. Aliwahi kusoma wa kinyozi mmoja mwenye ndevu ambaye kufikia ukurasa wa tatu alikuwa mjane mwenye huruma.

Blogu yenyewe ilifunguliwa na Jentrix, mwenye saiba, duka la intaneti, huko Mamboleo, ambaye pia ndiye aliyemchapia. Sheria ilikuwa moja. Hauingii wasifu usio na jambo moja ambalo huwezi kumbandika marehemu mwingine.

Waliomletea programu za mazishi, vile vijitabu vyenye wasifu, ni Opiyo na Odongo, pacha wa miaka sabini, rafiki zake tangu ujana. Hawa hawakukosa mazishi. Walizika hata Milimani kwa matajiri, ambako, walisema, programu ni nzito na wali ni mwepesi. Kila Jumatatu walikuja na furushi lao, wakaketi kwenye benchi la Jentrix, Ooko akasoma na kutupa, akasoma na kutupa. Katika sitini walipita watatu: bawabu aliyeogopa giza, fundi wa saa aliyechelewa harusi yake, na Nanyama, muuza mboga, aliyegoma kusema na jirani yake miaka tisa, kisha jirani alipougua akamuuguza mwezi mzima bila kumwambia neno. Wasomaji walikuwa arobaini na mmoja. Ooko hakujali. Mkewe alikuwa amekufa, watoto wako Nairobi na hawapigi simu, na Jumatatu ilikuwa siku pekee ambayo mtu alimwita omera, ndugu yangu.

Ndipo mama wa hao pacha akafariki, mwenye miaka tisini na mmoja. Wakaleta programu yake, ya rangi. Ooko akasoma: Mama Milka alikuwa mpole, mnyenyekevu, na hakuwahi kuinua sauti.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mama," akasema Opiyo.

"Mama wa nani?"

Odongo akatazama sakafu. "Omera, kanisa ndilo lililoandika."

Milka huyo alikaanga samaki Nyalenda miaka arobaini, na akiita mteja, mikokoteni ilisimama. Ooko akawaomba jambo moja tu la kweli. Pacha wakaenda pembeni, wakanong'onezana, wakarudi na jibu kwamba mama alipenda samaki.

"Hata paka anapenda samaki," akasema Ooko.

Opiyo akamwambia aiweke kama ilivyo. Akimkataa mama yao, amewakataa na wao.

Siku tatu Ooko alizunguka na ile programu mfukoni. Akiiweka, amekuwa sawa na wale vijana wa mashine. Asipoiweka, benchi litabaki tupu. Siku ya nne akapata njia ya tatu, kama wapatavyo watu wanaojiona werevu. Aliandika wasifu wa Milka mwenyewe.

Aliandika kwamba Milka hakumuuzia mtu aliyebonyeza samaki kwa kidole. "Umemwoa?" alimuuliza. "Basi mwache alale." Kwamba pacha mmoja akikosa aliwachapa wote wawili, huyu kwa kosa na yule kwa kulijua. Kwamba kipindupindu kilipoingia alichemsha maji ya mstari mzima wa nyumba, akasimama mlango kwa mlango na mwiko mkononi mpaka kila mtu anywe. Na mstari ule hakufa mtu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu.

Kufikia Ijumaa wasomaji walikuwa elfu nne. Salim, muuza mitumba, aliandika kwamba alinyimwa samaki miaka kumi na mmoja na leo ndipo amejua sababu.

Pacha wakaja Jumamosi, wamevaa suti zao za mazishi. Opiyo alisema Ooko amemvua mama yao nguo mbele ya watu.

"Nguo ya kuazima," akasema Ooko.

Akamwomba Jentrix awasomee maoni ya wasomaji. Alipofika kwa Salim, Odongo akacheka kwa sauti, akamwona kaka yake, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Opiyo hakucheka.

"Iondoe, Ooko," akasema. Hakusema omera.

Jentrix akangoja, kidole juu ya kibonyezo. Ooko alilitazama lile benchi.

"Nikiiondoa anabaki yule mpole," akasema. "Huyo simjui. Mimi nilimjua mama yenu."

Wakatoka. Jumatatu hawakuja, wala Jumatatu zilizofuata, na Ooko akawa anaenda mazishini mwenyewe kutafuta programu, kwa miguu yake mibovu.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa kwenye mazishi ya seremala mmoja huko Nyalenda. Walikaa hema la pili. Opiyo aliitwa kusema kama mzee, akashika kipaza sauti, akaanza kwamba marehemu alikuwa mpole na kipenzi cha wote.

"Opiyo," Odongo akaita kutoka kwenye kiti chake, "kitanda alichokutengenezea kilianguka usiku wa kwanza."

Opiyo akamgeukia. "Usiku wa pili," akasema. "Wa kwanza kiliinama tu."

Hema zima likaangua kicheko, mjane wa seremala akiwa wa kwanza, akijipangusa macho. Ooko naye alicheka mpaka akashika kiti cha mbele, akawatafuta kwa macho ili wacheke pamoja. Lakini chakula kilikuwa kimetangazwa. Pacha walikuwa tayari kwenye foleni, mmoja nyuma ya mwingine, wakitazama sufuria.