Msimu Tuliotafuta Ngozi Ili Tupate Mbegu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilipokuwa kijana zilikuwa karibu zaidi, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na ninajua kupiga taipu, niliamini hakuna tatizo la biashara ambalo barua kali haiwezi kulimaliza. Nilikuwa karani wa ununuzi katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, hapo Mwanza, miaka ya tisini, biashara ya pamba ilipofunguliwa na kila mwenye lori akajiita mnunuzi.

Wakubwa wangu walisimulia kwamba zamani mambo yalikwenda yenyewe. Mkulima alipeleka pamba kwenye chama cha ushirika, chama kikaipeleka kwenye kinu, kinu kikatenganisha nyuzi na mbegu, mbegu zikaja kwetu. Sisi tulikamua mafuta, na mashudu yaliyobaki tukawauzia wafugaji. Sasa mwenye kinu alikuwa huru kumpa mbegu yeyote anayemtaka, na sisi tulikuwa huru kulala njaa.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mama mmoja wa Kihaya, Mlutheri, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ushirika mpaka walipompunguza. Kiwandani tulimwita Mama tu. Alikuwa mrefu, msemaji wa taratibu, na alikuwa na tabia moja iliyonikera sana mwanzoni: hakuwahi kufika kwa watu na shida yake mkononi. Angeweza kusafiri nusu siku kwenda kuulizia mbegu, akafika, akala, akauliza habari za watoto na za mvua, akaaga, na neno mbegu lisitoke kinywani mwake. Nilidhani ni uzee.

Msimu ninaousimulia, kinu tulichokitegemea kilikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, unavuka kwa kivuko cha Kamanga. Kikaacha kuleta mbegu. Ikapita wiki, ikapita ya pili, boila yetu imepoa na wafugaji wanakuja getini kuulizia mashudu wanarudi na magunia matupu. Mwenye kiwanda, mfanyabiashara asiye na maneno mengi, alituita uani akatuambia wazi kwamba boila isipowashwa kabla ya mwisho wa mwezi atauza mashine, na sisi sote tutakwenda nyumbani. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kiseke, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Sikuwa na nyumbani kwingine pa kwenda.

Nikaandika barua. Nilitaja mkataba, nikataja mwanasheria ambaye hatukuwa naye, nikamalizia kwa neno "vinginevyo". Mama aliisoma amesimama.

"Kiswahili chako kizuri, baba," akasema. "Sasa kaulizie kivuko cha kwanza kesho kinaondoka saa ngapi." Akaikunja barua akaitia mkobani, na huo ndio ukawa mwisho wake.

Tulipofika kinuni niliona malori mawili uani, ya wanunuzi wengine waliokuja na fedha zao mkononi. Madereva walikuwa wamelala chini ya magari yao. Mama alimsalimia fundi mkuu, mzee wa Kisukuma mwenye vidole vinene, kwa kilugha chake: "Wangaluka." Alilitamka vibaya kiasi kwamba mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Tukakaribishwa ugali na sato wa kuchemsha pamoja na meneja wa kinu. Tukala. Mbegu hazikutajwa. Mimi moyoni nilikuwa ninaungua.

Baada ya kunawa, Mama akaomba aonyeshwe mashine. Ndani kulikuwa kimya. Pamba ya wakulima ilikuwa imerundikwa hadi karibu na bati, na mashine za kuchambua zimesimama safu nzima.

"Hawa wamekufa," fundi akasema, akagusa rola. "Ngozi imekwisha. Tuliagiza nyingine nje ya nchi, imekwama Dalisalama bandalini. Nimepiga simu mpaka nimechoka, mama."

Ndipo nilipojifunza kitu ambacho karani wa ununuzi wa mbegu alipaswa kukijua siku ya kwanza. Rola ya mashine ile huvikwa ngozi nene, iliyokatwa vipande vya duara vyenye tundu katikati, vikapangwa kwenye mtaimbo na kubanwa kwa nguvu. Ngozi ndiyo inayoshika nyuzi na kuzivuta, mbegu ikabaki nyuma. Bila ngozi hakuna nyuzi wala mbegu. Wenye malori pale nje walikuwa wamengoja siku nne, na hakuna hata mmoja aliyeingia ndani kuuliza kwa nini mashine hazilii.

Mama aliuliza unene wa ngozi, inakatwa sehemu gani ya mnyama, inahitaji kuwa laini au ngumu. Akaomba kipande kimoja cha zamani, akakitia mkobani. Kwenye kivuko wakati wa kurudi nikashindwa kuvumilia.

"Mama, sisi tulikuja kutafuta mbegu."

"Mbegu si umeziona? Zimo ndani ya ile pamba. Kinachokosekana ni ngozi. Unawajua watu wa ngozi?"

Kwa bahati niliwajua. Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga, kulikuwa na wanaume wanne waliopunguzwa kazi kiwanda cha ngozi kilipofungwa. Walijiunga, wakapanga kibanda, wakawa wanatengeneza ndala, mikanda na viatu vya walinzi. Ndala nilizovaa siku ile zilikuwa za kwao. Mkubwa wao, mzee wa Kijita, alikibonyeza kile kipande kwa dole gumba, akakinusa, akasema wanayo ngozi ya soli ya unene huohuo, na ya mgongoni kabisa. Wangekata kwa siku tano.

Mimi nilifurahi mno. Kesho yake nikarudi kwao peke yangu na debe la mafuta yetu, kati ya yale machache yaliyobaki ghalani, niliyoruhusiwa kugawa kama zawadi kwa wateja. Sikumwambia Mama. Nilitaka wakapikie majumbani mwao, na nilitaka pia kujiona kwamba na mimi nimeshajua namna ya kuishi na watu.

Siku ya tano tukavuka na mzigo. Vipande vilikuwa vizuri, vinang'aa, vya rangi ya chai. Fundi alivipanga, akavibana, akawasha mashine. Rola ikazunguka, pamba ikakaa juu yake ikicheza tu. Nyuzi chache zilizopita zilitoka na madoa ya manjano. Fundi akazima, akapitisha kidole kwenye rola, akakinusa.

"Hii ngozi imekunywa mafuta," akasema. "Inatereza. Haishiki kitu."

Baadaye tulielewa vizuri. Kwa mafundi wale wa Buhongwa, ngozi kavu haitoki kibandani. Kumkabidhi mteja ngozi ambayo haikupakwa mafuta ilikuwa kwao aibu kama kumpeleka mtoto kanisani na miguu iliyopauka. Siku zote walipaka mafuta ya ng'ombe kidogo kidogo kwa sababu yalikuwa adimu. Safari hii walikuwa na debe zima, tena la mafuta ya kiwanda, wakaona kazi ya watu wakubwa namna hii haifai kubaniwa. Walivilowesha vipande vyote. Uharibifu ule wote ulitokana na heshima.

Meneja wa kinu aliuliza kosa ni la nani. Nilitegemea vita. Mzee wa Buhongwa, aliyekuwa amevuka nasi kuja kuona kazi yake ikifanya kazi, alisimama akasema, "Ni letu sisi. Tumepaka bila kuuliza." Mama akadakia kwamba hapana, kosa ni la kwake, ndiye aliyeagiza na hakueleza. Naye fundi wa kinu akatikisa kichwa. "Mimi ndiye ninayejua rola," akasema. "Nilitakiwa niseme iwe kavu. Sikusema, kwa hiyo ni langu."

Watu watatu wa kampuni tatu waligombania kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu, na mimi nilisimama pale nikitazama ndala zangu. Yule mzee wa Buhongwa aliyajua mafuta yalitoka wapi. Hakunitaja, hata kwa jicho. Nimefanya kazi na watu wengi tangu siku ile, wenye shahada na wenye magari, na sijawaona tena watatu kama wale wamekutana mahali pamoja.

Zilikuwa zimebaki siku kumi mwezi uishe. Ngozi nyingine nene pale Buhongwa ilikuwa moja tu, na ilikuwa imetengwa kwa viatu vya walinzi ambavyo mteja alishaviagiza. Mzee alikwenda akakaa na wenzake watatu, wakazungumza kwa muda mfupi kuliko mimi ninavyochagua shati. Wakamwomba mteja wao asubiri. Safari hii hawakukata kibandani. Walibeba ngozi na visu, wakavuka, wakalala kinuni siku nne. Fundi aliwaonyesha jinsi kipande kinavyopaswa kukaa kwenye mtaimbo. Nao walimwonyesha kwamba ukikata kwa kufuata uti wa mgongo, kipande hakipindi. Mashine ya kukerezea ya kinu ilikuwa mbovu, kwa hiyo Mama akamchukua mkereza vyuma wetu, ambaye siku hizo alikuwa anashinda akicheza bao, aende akazilainishe rola kwa mkono. Niliwapelekea chai na mihogo kila asubuhi. Hakuna aliyekuwa ameniagiza.

Mashine ya kwanza ilipowashwa ilinguruma, ikashika, na nyuzi zikaanza kumwagika nyeupe upande mmoja, mbegu upande mwingine. Fundi aliinama akachota mbegu kwa mikono miwili, akamwaga, akachota tena.

Wale wenye malori waliamka. Nje walikuwa wameshafika watano, na kila mmoja alikuwa anamfuata meneja huku na huku akitaja bei iliyo juu ya yetu. Nikamnong'oneza Mama kwamba tumpe meneja karatasi asaini sasa hivi, kabla hajageuka.

"Acha," akasema. "Mtu ametoka kuhangaika, usimsogezee karatasi puani. Aga twende."

Tukaondoka bila ahadi yoyote. Nilimkasirikia njia nzima, na nadhani alijua, kwa sababu alininunulia mahindi ya kuchoma na hakunisemesha.

Siku moja ikapita, ya pili ikapita. Siku ya mwisho ya mwezi, mwenye kiwanda alikuja na mnunuzi wa mashine. Yule bwana alikuwa na futi, akawa anapima mashine zetu za kukamua, anaandika kwenye kijitabu. Wafanyakazi walikaa kivulini wakimtazama. Mama alikuwa mezani kwake anapanga mafaili ya kukabidhi, na niliona faili lilelile akilitoa na kulirudisha mara tatu. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, na iliniumiza kuliko habari ya kazi yangu.

Saa tisa alasiri geti likagongwa. Lilikuwa lori la kinu lenyewe, limejaa mbegu mpaka turubai limevimba. Dereva akashuka na kusema jingine liko kwenye foleni ya kivuko, na kwamba meneja anasalimia na anaomba radhi kwa kuchelewa.

Mwenye kiwanda alipanda tairi, akachota mbegu, akazitazama. Akamuuliza Mama aliwaahidi nini hawa watu. Mama akasema hakuwaahidi kitu. Akauliza tena, sasa kwa ukali, kama mbegu zilikuwepo kwa nini mpaka leo, na hizo siku za kukata ngozi mara mbili alizipoteza nani.

Mama alifungua mdomo. Nilijua atakachosema, maana nilishamsikia akikisema ng'ambo mbele ya kila mtu.

"Ni mimi," nikasema. "Ngozi ya kwanza iliharibiwa na mafuta, na mafuta nilipeleka mimi. Mama hakujua. Nilikuwepo walipokuwa wanajilaumu na nikanyamaza."

Mwenye kiwanda alinitazama kwa muda nilioutumia wote kupanga jinsi nitakavyomweleza mke wangu. Kisha akashuka kwenye tairi, akajipangusa mikono, akamwambia yule bwana wa futi kwamba biashara yao imekwisha.

"Kesho utavuka wewe," akaniambia. "Ukamwambie na yule fundi wa kinu hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Halafu upite Buhongwa."

Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, anamwelekeza mtu wa boila aanze na kuni kavu. Aliporudi alipitia pale niliposimama, akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na nililia kama mtoto, mbele ya wafanyakazi wote.