Jua la Ileje na Jicho la Samaki

Kazi yangu Tunduma ni kupiga picha za watu. Maharusi, watoto wa kipaimara, picha za pasipoti za wanaotaka kuvuka mpaka siku hiyohiyo. Siwalaumu, ndio wanaonilisha, ila nilikuwa nimewachoka. Nilitaka picha moja tu isiyo na mtu ndani yake, picha yangu mwenyewe, niitundike ukutani studio, pale ambapo mpaka leo anatabasamu bibi harusi nisiyemjua.

Niliijua hiyo picha kabla sijaipiga. Mlima ulio juu ya nyumba ya mama mkubwa, dada yake mama yangu, kule Ileje, jua likizama upande wa Zambia. Lenzi ya kawaida ingekata vile vilima vipandevipande. Nilihitaji ile inayoitwa jicho la samaki, iliyovimba mbele kama kitunguu, inayomeza kila kilicho mbele yako na vingi vilivyo ubavuni. Mpiga picha mwenzangu alikuwa nayo, na alikuwa anahamia Lusaka. Aliniazima kwa siku moja, kesho yake asubuhi aondoke nayo. Kwa hiyo ilikuwa jioni ile au basi tena.

Nikapanda gari mapema, tukakata kona pale Mpemba, na mchana nilikuwa tayari nabisha hodi. Nikajipongeza, mjinga mimi. Kwa wazee wangu wa Ileje mgeni haingii akatoka. Husalimiwa, huombewa, hulishwa, ndipo huulizwa kilichomleta. Nilikula ndizi na maharage huku nikichungulia dirishani, nikaongezwa, nikala tena. Hatimaye nikasema nataka kupanda mlimani mara moja, nipige picha ya jua, nirudi.

"Peke yako?" akauliza baba mkubwa, mume wa mama mkubwa, mzee wa kanisa. "Mgeni wangu apande mlima peke yake? Majirani watasema miguu yangu imekufa."

Mama mkubwa alikwisha kuingia chumbani. Alitoka baada ya muda mrefu sana, amevaa gauni la Jumapili na viatu vya kanisani.

"Mama mkubwa, napiga jua tu."

"Najua, mwanangu. Lakini kamera ipo. Nipande na gauni la shamba?"

Tukapanda polepole. Baba mkubwa alimsalimia kila aliyekuwa shambani, akanitambulisha, akaeleza mimi ni mtoto wa nani, kisha akanionyesha mibuni yake mipya, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa naungua ndani. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tulipofika kileleni jua lilikuwa bado juu kidogo ya vilima. Nikaifunga lenzi kwenye kamera haraka, nikapiga ya kwanza, nikatazama kwenye kioo cha kamera. Kushoto, kiwiko cha baba mkubwa kimevimba kama mguu wa meza. Kulia, gauni la Jumapili, lote.

"Naombeni msogee nyuma kidogo."

Wakasogea hatua moja. Nikapiga, wamo. Kwao anayemsindikiza mtu husimama ubavuni pake. Kukaa mgongoni kwake ni kama kumpeleleza. Nikaeleza kwamba lenzi hii inaona mpaka pembeni. Baba mkubwa akaiinamia, akaitazama kwa huruma.

"Sisi hatuko mbele, mwanangu. Itatuonaje?"

"Baba mkubwa, jua linazama!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Baba mkubwa akamtazama mkewe. Machozi yangu yalikuwa karibu.

"Mtoto anahangaika," akasema taratibu. "Tuombe kwanza."

Mkono wake ulikuwa tayari kichwani kwangu, na mama mkubwa amenishika mikono yangu yote miwili. Kamera ikabaki kuning'inia kifuani.

Alishukuru kwa safari yangu. Alimshukuru Mungu kwa dereva, kwa barabara, kwa mvua, kwa kahawa. Akawakumbuka wagonjwa wa mtaa, na wagonjwa walikuwa wengi. Kisha akanifikia mimi.

"Bwana, binti huyu ametoka mbali. Anataka picha ya jua lako. Usimnyime."

Nikafungua jicho. Jua lilikuwa limegusa kilima, na anga lote, kuanzia Zambia mpaka upande wa Malawi, limeiva wekundu ambao sijawahi kuuona tena. Nikajaribu kuchomoa mkono. Mama mkubwa akaubana zaidi, akidhani Roho amenigusa.

"Ndiyo, Bwana," akanong'ona.

"Uongoze mkono wake, Bwana. Mpe jua zuri kuliko wenzake wote wa Tunduma."

Likabaki nusu. Likabaki ukucha. Niliona linavyokwenda, jicho moja wazi, mikono imeshikwa, na nililia kwa hasira tupu. Mama mkubwa alipokisikia kilio changu naye akaanza kulia, na baba mkubwa, kwa kuona Roho anashuka, akaongeza maombi. Vilima vikawa vya kijivu, kisha vyeusi.

"Amina."

Akaondoa mkono kichwani kwangu, akafumbua macho, akavuta pumzi ya mtu aliyemaliza kazi nzito.

"Haya mwanangu, sasa piga."

Nikainua kamera, nikapiga. Kwenye kioo kulikuwa na giza, na pembeni weupe kidogo wa kola ya gauni.

"Imetoka?" akauliza.

Walikuwa wananitazama wote wawili, nyuso zimelowa.

"Imetoka, baba mkubwa."

Akamgeukia mkewe. "Umeona? Ndiyo maana nikasema tuombe kwanza."