Ndoo ya Paskalia

Huku kwetu Mhunze, wilayani Kishapu, msichana huhesabiwa mtu mzima siku anaporudi kutoka kisimani na ndoo iliyojaa kichwani, mikono yote miwili ikining'inia. Paskalia, binti wa jirani yangu Scolastika, alizaliwa na sindromu ya Down, akili yake ikikua taratibu, na siku hiyo ilimfikia wenzake wakiwa wameshaolewa. Alipita uani kwangu mabega yameloa, akasema, "Shikamoo, Mama Boaz," bila kuigusa ndoo. Aliringa kweli, na mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Tangu hapo yeye ndiye aliyewachotea maji watu wa nyumbani kwao na vikongwe wa jirani. Watu wakaanza kumwita kwa jina lake. Zamani walimwita "yule mtoto".

Mwaka jana akaanza kujikwaa. Vikombe vikamponyoka, shingo ikalala upande, akawa anajikojolea. Midomo ya hapa mtaani haijui kupumzika; wakasema ni uvivu, anadeka. Scolastika hakuwasikiliza, akampeleka hospitali Kolandoto.

Daktari aliwaonyesha picha. Mifupa ya juu ya shingo ilikuwa imelegea, hali inayowapata baadhi ya watu kama Paskalia, na ilikuwa inabana mishipa ya fahamu inayopita humo. Akamvisha kola ya kushikilia shingo, akamwandikia rufaa ya upasuaji. Kichwani asibebe kitu tena. Mzigo mmoja ungeweza kumpoozesha, au kumuua.

Scolastika alimweleza kwa Kisukuma, taratibu. Paskalia aliitikia yote. Asubuhi iliyofuata akaona mdogo wake, Nelly, anatumwa kisimani na ndoo ile. Akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nisamehe. Sirudii tena."

"Hujakosa kitu, ng'wanone. Ni shingo tu, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

Ikawa hivyo kila siku. Mwishowe Scolastika alichoka kumwona anateseka, akamwambia, "Haya, nimekusamehe." Paskalia akainuka, uso umechanua, akaenda moja kwa moja kuichukua ndoo.

Ilibidi tumnyang'anye, mimi na mama yake. Alilia kwa namna ambayo sitaki kuisimulia.

Siku ya upasuaji bado wanaisubiri. Kila asubuhi Paskalia hupiga magoti na kola yake shingoni, anaomba msamaha. Scolastika hugeukia jikoni akachochea moto. Anaogopa kumsamehe.